Nimekulia maji ya Nyali, Mto Nile ukanirudisha chekechea: uzi wa wanaotaka kupanda wimbi la mto

KasaWaNyali (mleta uzi)

Salaam aleikum wapwani, mlioko nyumbani na mlioko ng'ambo.

Uzi huu nimeuahidi tangu nirudi kutoka Jinja, kule Uganda ambako Mto Nile unatoka Ziwa Victoria, na leo mvua imenifungia ndani hapa Kongowea, basi sina kisingizio. Utakuwa mrefu.

Kwa asiyenijua: bahari nimeingia kabla sijajua kusoma. Bodi, ule ubao wa kupandia mawimbi, nimepanda Nyali msimu wa kusi, nimepanda Diani, na kila mwezi wa saba nikipata nauli naenda Malindi, kwa sababu matope ya Sabaki hayakuacha matumbawe yaizibe ile ghuba na wimbi linaingia lenyewe mpaka mchangani. Yaani nilikuwa mtu wa kujiona. Nakiri.

Mwaka jana binamu yangu aliye Kampala akanitumia video. Kijana amesimama juu ya bodi katikati ya mto, haendi mbele harudi nyuma, maji yanapita chini yake kama mkeka unaovutwa naye katulia tu. Nikahesabu: dakika moja na ushei. Sisi huku ukipata sekunde 10 juu ya wimbi moja unazisimulia mpaka Ijumaa ijayo. Nikasema huko lazima nifike.

Treni ya Miritini, basi la usiku kutoka Nairobi, Busia, Jinja nikashuka alfajiri. (Mkenya anavuka kwa kitambulisho, ila kadi ya homa ya manjano beba, usije ukaanza kubembeleza watu mpakani usiku wa manane.)

Mkufunzi wangu ni Msoga, kabila la wenyeji wa huko, aliyezaliwa kando ya mto huohuo, mpiga kayak (kale kamtumbwi kembamba ka kasia) wa miaka mingi kabla ya kushika bodi. Swali lake la kwanza: "Kuogelea unajua?" Nikacheka. Nikamwambia mimi ni mtu wa Mombasa. Akaniangalia vile daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyejipimia dawa mwenyewe. "Vizuri. Basi leo bodi hutaigusa."

Na kweli sikuigusa. Siku nzima alinitupa mtoni. Jaketi la kuelea, kofia ngumu, viatu vilivyofungwa, ingia. Funzo la kwanza: ukianguka lala chali, miguu itangulie kule maji yanakokwenda, vidole vya miguu uvione juu ya maji, makalio juu, mikono ikikata pembeni kama makasia. Jiwe lipokewe na miguu, si kichwa. Funzo la pili ndilo lililokataa kuniingia: USISIMAME. Sisi ufukweni mtu akichoka jambo la kwanza ni kutafuta chini kwa miguu. Mtoni mguu ukinasa kati ya mawe mawili, maji yanakusukuma mgongoni, unapinduka kifudifudi, na hapo maji ya kiunoni yanatosha kukumaliza. Kwake yeye kusimama ni mpaka maji yawe chini ya goti. Nilisahau mara 3, na kila mara alinipigia filimbi kama refa.

Funzo la tatu ni kutoka. Kule kulala chali ni kujikinga tu, hakukufikishi popote. Ukiona nyuma ya jiwe kubwa au kwenye kingo maji yametulia au yanarudi juu, unageuka kifudifudi na kupiga mikono kwa nguvu zote mpaka uukate ule mstari baina ya maji yanayoshuka na yanayorudi. Ukienda kwa ulegevu mstari unakusukuma, unarudi safarini. Mimi, mwogeleaji wa Nyali, nilipitwa na vituo vinne vya namna hiyo. Cha tano nilikikamata nikiwa sina pumzi ya kutaja jina langu.

Kilichonivunja ni kwamba mto hautulii. Bahari huja kwa mafungu, fungu likipita unavuta pumzi, unajipanga. Mto hauna fungu. Ni lilelile, sekunde baada ya sekunde, mpaka utoke wewe.

Siku ya bodi nitaiandika nikipata chai.

Mshale_Kisauni

Nimetandika mkeka hapa, sibanduki. Endelea kaka.

KijanaWaMajengo

Wazungu wamekosa kazi na wewe umewafuata. Bahari yote hii Mola katupa bure, mtu anapanda basi usiku kucha kwenda kunyweshwa maji baridi ya Uganda. Rudi shule.

KasaWaNyali

@KijanaWaMajengo kwanza si baridi, pili mzungu gani? Nimekwambia Msoga. Walionitoa majini siku ile ni vijana watatu wa kijijini, na kamba wanarusha kama wavuvi wetu wanavyorusha wavu.

Mkaazi_Mtwapa

Swali la ujinga, mnisamehe. Kwani sisi hatuna mito? Sabaki ile pale. Na chini ya Daraja la Nyali maji yakipwa mkondo unavuma mpaka mashua inalia. Hapo hakuwezi kupatikana wimbi la kusimama?

KasaWaNyali

Si la ujinga hata kidogo, nilimuuliza mkufunzi hilohilo.

Baharini maji hayasafiri na wimbi, kinachosafiri ni ule msukumo. Tupa kifuu cha nazi uone, kinapanda kinashuka palepale wakati wimbi linakwenda zake. Mtoni ni kinyume: wimbi limekaa, maji ndiyo yanayopita. Lakini halikai popote tu. Lazima maji yateremke kwa kasi juu ya mwamba au kizingiti, halafu ghafla yakutane na maji yenye kina yanayokwenda taratibu. Yale ya kasi yanakosa pa kwenda, yanarundikana, na ule mrundiko ndio wimbi lako. Wewe juu yake unavutwa kuteremka kuelekea juu ya mto, maji nayo yanakusukuma kurudi chini. Vikilingana, umesimama.

Sasa chini ya Daraja la Nyali hakuna kizingiti. Kuna kina, kuna mashua, kuna uchafu wa Tudor ambao sitaki kuuzungumzia wakati wa kula, na kila saa 6 hivi mkondo wenyewe unageuza uso. Kasi peke yake haitoshi.

Sabaki? Ndugu yangu, Sabaki ina viboko na mamba. Pale mdomoni kuelekea Mambrui watu wanakwenda kuangalia viboko kwa darubini na wewe wataka kwenda na bodi.

NahodhaMstaafu

Wanangu, salaam. Mimi wa zamani, mambo ya bodi siyajui, lakini hili la mstari wa maji nalifahamu sana. Tulipokuwa tukiingia Mlango wa Kilindini na jahazi maji yakitoka, hukuwa ukielekeza omo moja kwa moja unakotaka. Ukifanya hivyo mkondo wakubeba ubavu, waishia Likoni kwa wenyewe. Wapinda chombo kidogo kuukabili mkondo, nao huohuo wakusogeza upande wa pili. Je, huko mtoni wavukaje?

KasaWaNyali

Shikamoo ami. Wallahi umenisomea darasa la siku ya pili yote. Ni vilevile. Ukiwa umelalia bodi na wataka kuvuka mto, huelekezi pua ng'ambo. Unaielekeza juu ya mto kwa mshazari, unapiga mikono, maji yanakusukuma ubavuni na unavuka huku umekaa karibu usawa uleule. Mkufunzi alipoona nimeipata mara ya kwanza akauliza nani kanifunza. Nikamwambia majahazi. Hakunielewa.

NahodhaMstaafu

Marahaba mwanangu. Maji ni yale yale, ila kila maji na ukali wake.

BintiKizingo_Munich

Hamjambo nyote. Nasoma München mwaka wa tatu sasa, na huu uzi umenivuta kwa sababu nilianza kupanda wimbi la mto huku kabla sijawahi kupanda la kwetu. Aibu yangu hiyo.

Hapa kuna mfereji uitwao Eisbach, ni tawi la kuchongwa la mto Isar linalopita kwenye bustani kubwa ya mji. Chini ya daraja, mpaka Oktoba 2025, palikuwa na wimbi la kimo cha kama mita 1 na upana wa mita 12 hivi. Watu walilipanda tangu miaka ya 1970 na manispaa ililiruhusu rasmi 2010. Watalii walikuwa wakijaa darajani, wapandaji wakipanga foleni pande mbili za mfereji, mmoja akiingia huku, akianguka anaingia wa upande wa pili. Foleni ile ilikuwa na adabu kuliko ya feri ya Likoni.

Lakini lile halikuwa la mwanafunzi, na kibao kilikuwepo kinachosema hivyo. Maji hayana kina, na chini kuna matofali makubwa ya zege. Mimi nilianzia Floßlände, kusini mwa mji, wimbi dogo na la polepole ambalo ukianguka linakutema kwenye maji mapana. Msimu mzima. Rafiki zangu walinicheka.

Sasa nilichotaka kusema hasa ni kamba ya bodi, ile inayokuunganisha na bodi yako. Baharini tunaifunga kwenye kifundo cha mguu na tunamwambia kila mgeni asiivue. Aprili 2025 mwanamke mmoja, mpandaji aliyekwishazoea, alikuwa pale Eisbach usiku, kamba ya bodi yake ikanaswa chini ya maji. Ile nguvu ya maji ilimshikilia, hakuweza kuifikia akajifungua. Alifariki baada ya siku kadhaa hospitalini. Wimbi likafungwa, na lilipofunguliwa mwezi wa 6 likaja na masharti: hakuna kupanda usiku, umri kuanzia 14, na kamba lazima iwe ya kujiachia yenyewe.

Fikirini: mguu umevutwa na maji kwenda huku, kamba imenasa kule. Ili uifikie unatakiwa ujikunje kama unafunga kiatu huku lori linakusukuma. Hakuna tumbo lenye nguvu hizo.

Na kama nyongeza, kwa aliyesema wimbi halikai popote: mwisho wa Oktoba 2025 walipunguza maji ili kusafisha mfereji kama kila mwaka. Maji yaliporudishwa, wimbi halikusimama. Daraja lilelile, maji yaleyale. Chini kukibadilika kokoto tu, limekwenda.

Povu_la_Diani

Dada pole kwa hilo, ila siafiki. Mimi nafunza kaiti (bodi inayovutwa na tiara) na bodi ya kawaida Diani, na bodi ndiyo boya lako. Ukiivua kamba umejinyima boya. Unawafunza watu vibaya.

BintiKizingo_Munich

Kaka, Diani uko sawa kabisa. Baharini ukipoteza bodi nje ya mwamba una safari ndefu ya kurudi, na hakuna kinachoishika ile kamba. Mto una matawi ya miti, vyuma, mawe, nguzo. Na kingo ziko mita chache kila upande. Huhitaji boya la kukufikisha nchi kavu, umevaa jaketi. Unachohitaji ni kutofungwa na kitu.

Povu_la_Diani

Na bodi ikienda?

KasaWaNyali

Inakwenda, na kuna kijana wa kayak chini anaisubiri. Mkufunzi wetu kwa wanaoanza hakuruhusu kamba yoyote. Waliozoea kidogo wanafunga kiunoni, kwenye mkanda wa jaketi wenye kifundo mbele ya tumbo. Unavuta kifundo mara moja, mkanda wote unaachia. Tena alitufanya tuvute tukiwa tumefumba macho, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, tukiwa majini, mpaka tukachoka. Mguuni ni marufuku kwa kila mtu, hata yeye.

Povu_la_Diani

Hapo kiunoni nimewaelewa. La mguuni nilikuwa sijalifikiria kwa maji ya upande mmoja. Sawa.

MtuWaSagana

Mimi si mpwani wa kuzaliwa, nafanya kazi Changamwe, lakini nyumbani ni kando ya Tana ya juu, Sagana, ambako watu wanakwenda kwa mitumbwi ya mpira. Nilisomea uokoaji wa maji ya kasi. Nina mawili, na moja ni la uchungu.

La kwanza: watu wanaogopa maporomoko yenye kelele na wanayaamini maji laini. Kinachoua kimya kimya ni ule ukuta mfupi wa kuzuia maji uliojengwa kukatiza mto mzima. Kimo cha mita moja tu, maji yanaanguka kama pazia, yamenyooka, mazuri ya kupiga picha. Chini yake maji yanajiviringisha kurudi kwenye ukuta, na kwa kuwa ukuta umenyooka kutoka kingo hadi kingo, hakuna mwanya wa kutokea. Mtu anazamishwa, anaibuka, anarudishwa ukutani, anazamishwa. Jaketi halimtoi. Anayeruka kumsaidia anakuwa wa pili. Wimbi la kupanda lina maji yanayopita na kwenda zake upande wa chini, ukianguka linakutupa nje. Ukiangalia povu utalijua: kama povu linaserereka kuteremka, kuna njia. Kama povu na vijiti vinarudi nyuma na kuzunguka palepale, usiingize hata kidole.

La pili. Kabla sijasoma, nilikwenda na kampuni moja ya safari, siitaji na msiniulize. Kijana aliyejiita mkufunzi alikuwa hodari kweli, anapinduka, anasimama kwa mguu mmoja, simu zote zinamrekodi. Tulikuwa wanafunzi 9 na yeye peke yake. Hakuna mtu chini ya wimbi. Mfuko wa kamba ya kumrushia anayezama upo, lakini umo ndani ya gari. Mwenzetu alianguka, mguu ukanasa kwenye mizizi, na muda wa kukimbia garini, kutafuta ufunguo, kurudi, sisi watu 8 tumesimama kingoni tunapiga kelele jina lake. Mizizi ilikatika yenyewe. Hakuna aliyemwokoa. Yule hodari alicheka akasema "mto umempenda." Tangu siku ile mtu akinionyesha video ya mkufunzi anavyopanda namuuliza nionyeshe anavyorusha kamba.

Mshale_Kisauni

Subhanallah. "Kamba imo ndani ya gari."

KasaWaNyali

@MtuWaSagana hapo umenikumbusha. Wa kwetu, kabla ya mwanafunzi kugusa maji, aliweka watu wawili chini ya wimbi, mmoja kila ukingo, mfuko wa kamba mkononi na si mfukoni. Kamba ya kama mita 20, imelala ndani ya mfuko haijakunjwa. Anaita jina lako kwanza, wewe ukimwangalia ndipo anarusha, na anarusha kamba yenyewe ikuvuke kifuani. Ukiipata unageuka chali, kamba ipite begani, mikono kifuani, na humvuti. Unashikilia tu, maji yanakubembea mpaka kingoni kama ngalawa kwenye nanga. Na kamwe usiizungushe mkononi wala kiunoni, ili ukitaka kuiachia uiachie.

Tulikuwa wanafunzi 3.

Asubuhi kabla ya kuvaa alisimama kwenye jiwe moja dakika nzima anaangalia maji tu. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema alama. Kuna jiwe ambalo likiwa kavu, wimbi ni la wanafunzi. Likilowa nusu, ni la yeye. Likifunikwa, kila mtu anarudi nyumbani kunywa chai. Mto ule una mabwawa ya umeme: Nalubaale toka 1954, Bujagali 2012, Isimba 2019. Usawa wa maji unategemea wanachofungua na wanachofunga, jua kali hivi na mto unapanda. Bujagali yenyewe, yale maporomoko ya zamani, yako chini ya maji ya bwawa. Kwa hivyo aliyepanda hapo miaka mingi nyuma akikupa maelezo yake, mshukuru halafu umuulize aliyekuwepo jana.

Na ukubwa wa mto wenyewe: pale unapotoka ziwani hupitisha kama mita za ujazo 1,000 kila sekunde, na miaka ya ziwa kujaa ni zaidi. Mita moja ya ujazo ni tani moja. Fanya hesabu halafu unambie tena kuogelea unajua.

Mkaazi_Mtwapa

Ulipanda lile wimbi kubwa la huko linaloitwa Nile Special?

KasaWaNyali

Nililionyeshwa kwenye picha. Mkufunzi aliponiona namezea mate akafunga simu.

MamaWaTudor

Jamani mimi mama wa watu. Mwanangu ana miaka 15, anaogelea vizuri pale klabu, ameuona uzi huu na hanipi raha. Nimruhusu? Na maradhi? Nimesikia maji ya kule yana kichocho.

MuuguziWaPwani

Dada, la kichocho ni kweli wala si la Uganda pekee, hata Kwale kwetu kipo. Tofauti ni kwamba cha kwetu huonekana kwenye mkojo, kile cha upande wa Ziwa Victoria hukaa matumboni na kwenye ini. Wadudu wanatoka kwa konokono wa majini, wanapenya ngozi, huhitaji kunywa maji. Konokono wanapenda kingo tulivu zenye majani kuliko mkondo wa kasi, kwa hivyo hatari kubwa ni pale mtu anapokaa kingoni miguu majini akisubiri zamu. Ajifute kwa taulo mara atokapo, na asiende kupima kesho yake. Kipimo cha mapema huwa hakioni kitu. Asubiri wiki 6 hadi 12, aende hospitali aseme wazi alioga wapi. Dawa ipo, ni praziquantel, na inapatikana. Isiwe ya kununua dirishani kwa kukisia.

KasaWaNyali

Nimepima. Nilikutwa nacho. Nimemeza dawa, niko salama, na nilikuwa mkaa kingoni namba moja.

@MamaWaTudor kuhusu kijana: kuogelea kwa klabu ni mwanzo mzuri, lakini mwulize mkufunzi maswali ya huyu bwana wa Sagana kabla ya kulipa. Wanafunzi wangapi kwa mkufunzi mmoja, nani anasimama chini, kamba iko wapi, cheti cha huduma ya kwanza kilipatikana lini, hospitali iko umbali gani. Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu.

Povu_la_Diani

Bado hujatuambia ulisimama au hukusimama. Uzi mzima kuogelea tu.

KasaWaNyali

Haya. Siku ya tatu.

Wimbi la mapajani, pana, chini yake maji ya kina bila mawe. Bodi ni fupi kuliko zetu, pana, nene. Maji ya mto hayana chumvi, hayakubebi kama bahari. Lita 100 za bahari zina uzito wa kilo 102 na nusu hivi, za mto kilo 100, basi unahitaji bodi iliyonenepa kidogo kufidia.

Huanzi kwa kusimama. Mkufunzi yuko kingoni juu ya wimbi na kamba yenye mpini, wewe umelala kifudifudi kwenye bodi umeshika mpini, anakuteremsha polepole mpaka ukae juu ya wimbi. Ukae hapo. Usikie. Halafu magoti. Halafu kusimama, mpini bado mkononi. Ukihisi kamba imelegea ujue wimbi limekushika, unaachia.

Mara ya kwanza niliachia na nikafanya kama Nyali: uzito mbele nipate kasi. Sekunde haikufika. Pua ya bodi ilizama, na maji yanayokuja yakaikamata kama mtu aliyekuvuta zulia. Baharini ukizamisha pua unaona inakuja, una nafasi ya kujitetea. Hapa nilijikuta chini, mikono kichwani kama nilivyofundishwa, naangalia mapovu. Mara ya pili nikaogopa, nikakaa nyuma, bodi ikapiga breki, wimbi likaniachia nikateleza kinyumenyume kwenda zangu. Mara ya tatu niliinamisha ukingo wa bodi upande wa maji yanakotoka, nikapinduliwa kama chapati.

Mkufunzi akasema: unaangalia miguu yako. Miguu haiendi popote. Angalia juu, yale maji laini yanayokuja.

Mara ya sita, au ya saba, niliangalia juu. Sijui niseme vipi. Kelele ni nyingi lakini miguu imenyamaza. Mto wote unakujia na wewe huendi popote. Binamu yangu alirekodi, sekunde 14. Mimi nilidhani ni dakika 5. Nikaanguka kwa sababu nilikuwa nacheka, nikaanguka bapa, mikono imetanda, si kichwa wala miguu kwanza, nikageuka chali, vidole juu, nikasikia jina langu, nikaona kamba.

Sikusimama majini. Hata mara moja.

Mshale_Kisauni

14! Nakubali.

NahodhaMstaafu

Mwanangu KasaWaNyali, nina mjukuu ana miaka 20, ameusoma huu uzi kwa sauti hapa barazani na sasa anauliza safari nyingine ni lini. Na zile bodi mwazipakiaje kwenye basi?

KasaWaNyali

Ami, bodi haziendi, kule zipo. Safari ni mwezi wa nane inshallah, na tutakuwa watu wanne tu. Lakini mjukuu aje kwanza Jumapili ufukweni Nyali. Nimenunua kamba inayoelea pale Marikiti na fundi mmoja wa mahema amenishonea mfuko wake. Maji yatakuwa yanajaa kuanzia saa 3 asubuhi. Mmoja analala chali majini, mwingine anarusha, tunapokezana.

MtuWaSagana

Nitakuja. Nitawaletea na filimbi.

KijanaWaMajengo

Na asiyejua kuogelea?

KasaWaNyali

Njoo. Wewe utasimama kingoni ushike mfuko.